Nitahawilisha, Ninahawilisha, Nimehawilisha: Njeo ya Kitenzi na Umiliki wa Kazi ya Mtafiti



Kwa kawaida anayealikwa kutoa mhadhara huu huzungumzia fasihi, lahaja au historia ya lugha yetu. Mimi nitazungumzia sarufi, tena sehemu yake ndogo sana, yaani viambishi vya njeo. Hata hivyo, sarufi hiyo nimeikuta mahali ambapo wanasarufi hatuna mazoea ya kupita: katika mikataba ya ajira, katika fomu za wageni wa maabara, na katika hukumu za mahakama kuhusu hataza. Nawaomba radhi wanasheria mliomo humu, maana nitaingia shambani mwenu bila kupiga hodi.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilialikwa na taasisi moja ya ng'ambo kusaidia kazi ya kubuni istilahi za kompyuta kwa Kiswahili. Siku ya kwanza nilipewa mapokezini kitambulisho cha mgeni pamoja na karatasi mbili za kutia saini. Nyuma yangu palikuwa na foleni, na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuanza kazi. Nikatia saini. Baadaye nilipotaka kuichapisha orodha ya istilahi nilizozibuni, niliarifiwa kwa upole kwamba orodha ile haikuwa yangu tena. Sikuwa na la kujibu. Kilichoniuma hata leo si kuipoteza orodha, kwani istilahi zenyewe zilitumika na kusambaa, nami nilifurahi. Kilichoniuma ni kwamba mtu aliyeutumia umri wake kuwafundisha vijana njeo za vitenzi hakukitazama kitenzi kilichokuwa juu ya saini yake.

Nilijifariji nilipogundua kwamba hayo yamewapata wakubwa kuliko mimi.

Mwaka 1988 daktari mmoja, Mark Holodniy, alijiunga na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akiwa mtafiti katika idara ya maradhi ya kuambukiza. Alipoanza kazi alitia saini hati ya chuo iliyosema kwamba anakubali kuhawilisha kwa chuo haki zake katika uvumbuzi atakaoufanya. Idara yake ilitaka kupata njia ya kupima kiasi cha virusi vya UKIMWI katika damu, na kwa ajili hiyo ilibidi ajifunze mbinu iliyokuwa mpya wakati huo, ile inayojulikana kwa herufi PCR, ambayo kwayo kipande kidogo mno cha DNA hurudufishwa mara mamilioni mpaka kikaweza kupimika. Mbinu hiyo ilivumbuliwa mwaka 1983 na Kary Mullis, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya Cetus huko California. Basi Holodniy akapelekwa Cetus kujifunza. Huko nako, kama ilivyo ada ya kampuni, alipewa karatasi ya mgeni. Karatasi hiyo ilisema kwamba atahawilisha, na kwamba kwa hati hiyo anahawilisha, haki zake katika uvumbuzi utakaotokana na kuingia kwake katika kampuni. Akatia saini, akafanya kazi kwa miezi kadhaa, kisha akarudi chuoni, na yeye na wenzake wakakamilisha kipimo. Stanford ikapata hataza tatu.

Kabla sijaendelea, na tutue kidogo kwa Mullis, kwa sababu kisa chake kina funzo la utawala wa watumishi. Kwa uvumbuzi uliokuja kubadilisha sayansi ya uhai, mwajiri wake alimpa bahshishi ya dola 10,000. Mwaka 1991 mali za Cetus zinazohusu PCR ziliuzwa kwa kampuni ya Roche kwa dola milioni 300. Mwaka 1993 Mullis akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Mwajiriwa alikuwa ameajiriwa ili kuvumbua, naye akavumbua, na mkataba ukafanya kazi yake.

Pamoja na mali zile Roche ilizinunua pia karatasi za Cetus, na miongoni mwake ile karatasi ya mgeni. Kampuni ikatengeneza vipimo vya virusi na kuviuza duniani. Mwaka 2005 Stanford ikaishitaki Roche kwa kuingilia hataza zake. Roche ikajibu: sisi nasi ni wamiliki, tunayo saini ya Holodniy. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa inayoshughulikia mashauri ya hataza iliziweka hati mbili sambamba na kuvitazama vitenzi. Hati ya Stanford, iliyotangulia kwa tarehe, ilisema mtafiti anakubali kuhawilisha. Kwa maoni ya mahakama hiyo ilikuwa ni ahadi ya jambo litakalofanywa baadaye. Hati ya Cetus, iliyokuja nyuma, ilisema anahawilisha kwa hati hii. Hicho kilikuwa kitendo kilichokamilika pale pale. Aliyeahidiwa kwanza akashindwa na aliyepewa baadaye.

Stanford ikaenda Mahakama ya Juu. Ilitegemea sheria iitwayo Bayh-Dole, ya mwaka 1980, inayoviruhusu vyuo vinavyopata fedha za utafiti kutoka serikali ya Marekani vibaki na umiliki wa uvumbuzi uliotokana na fedha hizo. Tarehe 6 Juni 2011, kwa majaji saba dhidi ya wawili, Mahakama iliamua kwamba sheria hiyo haikipi chuo umiliki moja kwa moja. Huwezi kubaki na kitu ambacho hukuwa nacho. Tangu zamani sheria ya Marekani imeshikilia kwamba uvumbuzi ni wa mvumbuzi mpaka autoe kwa maandishi. Jaji Breyer, aliyekuwa katika wale wawili, alilalamika kwamba jambo zito kama hili halikustahili kuning'inia katika tofauti ndogo ya maneno. Nampa haki yake kama raia. Kama mwanaisimu siwezi kukubaliana naye kwamba tofauti ile ni ndogo.

Wapo waliodhani kwamba baada ya 2011 vyuo vimejifunza, na kweli vingi huko Marekani vilibadili fomu zao. Lakini mwaka 2021 mahakama ile ile ya rufaa ilipata shauri jingine, safari hii kati ya kampuni ya Omni MedSci na Apple, kuhusu teknolojia ya mwanga ya kupima mwili katika saa za mkononi. Mvumbuzi alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan. Kanuni za chuo hicho zilisema kwamba hataza zitokanazo na utafiti uliogharimiwa na chuo zitakuwa mali ya chuo. Zitakuwa! Mahakama ikaamua, majaji wawili kwa mmoja, kwamba maneno hayo hayahawilishi kitu. Yanaeleza tu jinsi mambo yatakavyopaswa kuwa. Profesa alikuwa bado na haki ya kuipa kampuni yake mwenyewe.

Sasa tuje nyumbani, yaani kwenye Kiswahili. Kwa nini mambo haya yatuhusu sisi? Mwaka 2021, mwaka ule ule wa hukumu ya Omni MedSci, Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, pamoja na nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Maana yake ni kwamba mikataba, kanuni za utumishi na fomu, ambazo kwa muda mrefu tumezisaini kwa Kiingereza tukidhani tumezielewa, zitazidi kuandikwa kwa lugha yetu. Mfasiri atakutana na kitenzi kile kile kilichoiangusha Stanford, na atalazimika kuchagua kiambishi. Katika vitabu vyetu vya sarufi hatujamwandalia jibu.

Chukueni kiambishi -ta-. Darasani tunasema ni cha wakati ujao. Katika lugha ya sheria hakikai hapo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaposema kwamba kutakuwa na Rais, haitabiri. Inaumba cheo, na cheo kinakuwapo tangu siku katiba inapoanza kutumika. Inaposema kwamba Waziri atafanya jambo fulani, inamwamuru. Kwa hiyo -ta- ya kisheria imebeba mizigo mitatu: ujao, amri, na uumbaji wa hali. Kwa kiasi kikubwa imeurithi mzigo huo kutoka kitenzi kisaidizi cha Kiingereza ambacho wafasiri wetu wamezoea kukigeuza kuwa -ta- bila kuuliza. Katika katiba mzigo huo unabebeka, kwa sababu kila msomaji anajua kwamba katiba inaumba na kuamuru. Katika mkataba wa ajira, sentensi “uvumbuzi wa mwajiriwa utakuwa mali ya chuo” ni mtego. Hakimu mmoja ataisoma kama uumbaji wa hali, mwingine kama ahadi. Michigan imetuonyesha kwamba hata Kiingereza, chenye karne nyingi za mazoea ya mikataba, kinanaswa hapo hapo.

Je, -na-? “Ninahawilisha.” Wengi watasema hii ndiyo njeo ya sasa, basi inatosha. Mimi nina shaka. Mtu akisema “ninajenga nyumba”, hatuelewi kwamba nyumba imekwisha. Akisema “anauza samaki”, tunaelewa kazi yake, si mauzo ya samaki huyu wa leo. Kiambishi -na- hupenda kutuonyesha tendo likiwa njiani au likirudiwa. Ni kweli kwamba tunasema “naapa”, “nakiri”, “nakushukuru”, na kwa kusema hivyo tendo linakuwa limetendeka. Haya ndiyo matamko yaliyomshughulisha mwanafalsafa J. L. Austin katika mihadhara yake ya Harvard ya mwaka 1955. Lakini zingatieni umbo: “naapa”, si “ninaapa”. Katika nafsi ya kwanza na- hiyo yaweza kuwa -a- ya kale, ambayo E. O. Ashton aliitenga na -na- katika sarufi yake ya mwaka 1944, au yaweza kuwa nina- iliyofupishwa. Msikilizaji wa leo hawezi kutofautisha. Nafsi ya tatu, ambayo ndiyo nafsi ya mikataba, inafichua jambo hilo: “mwajiriwa ahawilisha” na “mwajiriwa anahawilisha” si kitu kimoja, na bara lile la kwanza limekwisha kusikika kama lugha ya washairi au ya vichwa vya magazeti.

Inabaki -me-. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo. Mtoto akiwa kitini hatusemi anakaa, twasema amekaa. Aliye usingizini amelala. Aliyevaa kanzu amevaa, hata kama alivaa alfajiri. Kiambishi -me- hutoa habari ya tendo lililotimia ambalo hali yake ipo sasa hivi mbele yetu. Na watu wa pwani wanapofunga jambo lenye uzito, hicho ndicho wanachokichukua. Bwana harusi anapoulizwa mbele ya mashahidi hasemi atakubali wala hasemi anakubali, husema nimekubali. Mwenye duka husema nimekuuzia, na mnunuzi nimenunua. Mdai mwenye huruma husema nimekusamehe, na deni linakufa pale pale.

Mazoea haya hayakutoka hewani. Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kulijadili suala la njeo ya mkataba karne nyingi kabla ya kuwapo kwa hataza. Walipendelea kitenzi cha wakati uliopita katika kuuza na kuoza, kwa hoja kwamba kilichopita hakina shaka, ilhali umbo la Kiarabu linaloshirikisha sasa na ujao laweza kueleweka kuwa ni ahadi. Majalla, mjumuiko wa sheria za madai uliotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, unaliweka jambo hilo wazi katika vifungu vyake vya 169 hadi 171: mauzo kwa kawaida hufungwa kwa njeo iliyopita, njeo ya sasa yafaa ikiwa makusudio ni sasa, na kitenzi cha wakati ujao ni ahadi tu, hakifungi mauzo. Majalla ni ya madhehebu ya Hanafi, ilhali pwani yetu ni ya Shafii na, kwa watawala wa Oman na Zanzibar, Ibadhi. Kwa hiyo sisemi kwamba kadhi wa Mombasa au Unguja aliifuata. Nasema kwamba wakili wa Stanford angeweza kusoma hukumu ya mteja wake katika kifungu cha 171, miaka zaidi ya mia moja kabla haijatolewa.

Neno lenyewe hawilisha, kwa taarifa yenu, limetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa hawala, yaani kuliondoa deni kwa mtu huyu na kulitia kwa mtu yule. Leo hii tunalitumia zaidi katika kusema uhawilishaji wa teknolojia, na wengi wetu hatufikiri kwamba kuna mtu anayeondokewa na kitu.

Pendekezo langu basi ni kwamba sentensi ya mkataba iwe “kwa hati hii mtafiti amehawilisha”. Najua pingamizi lililopo. Wakili atasema kwamba -me- inaashiria kuwapo kwa hati nyingine iliyotangulia, naye ataidai. Ndiyo maana maneno “kwa hati hii” hayawezi kuachwa. Ndiyo yanayolifunga tendo na karatasi iliyo mkononi. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silimalizi leo. Mtafiti anahawilisha nini? Siku anapotia saini uvumbuzi haupo. Mafakihi wale wale walioipenda njeo iliyopita walikataza kuuza kisichokuwapo, na mfano wao mashuhuri ni samaki aliye baharini. Mahakama ya Marekani imeamua kwamba mtu anaweza kumhawilisha samaki aliye baharini, na kwamba siku atakapovuliwa atakuwa tayari ni wa mnunuzi. Jaji Breyer alikumbusha kwamba zamani sheria haikuwa hivyo. Aliyehawilisha uvumbuzi usiokuwapo alihesabiwa kuwa ameahidi tu. Mkisikia “amehawilisha uvumbuzi atakaoufanya”, sikio la Kiswahili lenyewe linashituka: -me- na -ta- zimefungwa kamba moja. Mimi nadhani mshituko huo una haki, na kwamba mtafiti apaswa kuusikia kabla ya kutia saini. Katika Kiingereza mshituko huo umekwisha kuzoeleka, hausikiki.

Huenda mkauliza kama hayo yote yana maana katika nchi ambazo sheria yenyewe humpa mwajiri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, husema kwamba kazi iliyofanywa katika ajira, au kwa kuagizwa, itahesabiwa kuwa imehawilishwa kwa mwajiri au kwa aliyeagiza, isipokuwa pande zikikubaliana vingine. (Tazameni, katika kuifasiri tu sentensi hiyo nimelazimika kutumia -ta- na -me- kwa pamoja.) Kwa mwajiriwa basi kitenzi cha mkataba kina uzito mdogo zaidi kuliko Marekani. Lakini utafiti wetu haufanywi na waajiriwa peke yao. Unafanywa na wanafunzi wa shahada za juu, na wageni, na washirika wa mradi wanaolipwa na chuo kingine katika nchi nyingine. Hao ndio Holodniy wetu.

Na mifano ipo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Oxford walishirikiana katika kutafuta chanjo ya UKIMWI, kazi iliyotokana na uchunguzi wa wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao baadhi yao hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi mara nyingi. Mwaka 2000 pakazuka mgogoro, kwa kuwa maombi ya hataza yalikuwa yamepelekwa Uingereza bila ya upande wa Nairobi kuwamo. Baadaye pande hizo zilipatana kuhusu kushirikiana katika umiliki. Nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu mgogoro huo, na mengi yanahusu ukoloni wa kisayansi. Sipingi. Ila naona nafasi ya swali jingine, dogo na la kuchosha: ushirikiano ulipoanza, karatasi zilisema nini, na nani chuoni alikuwa na jukumu la kuzisoma? Katika vyuo vyetu vingi kazi hiyo haina mwenyewe. Ofisi ya utumishi hushughulika na mishahara na likizo. Mwanasheria wa chuo huitwa panapokuwa na kesi. Kurugenzi ya utafiti huhesabu machapisho. Fomu ya mgeni hutiwa saini mapokezini, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao.

Majuma machache yaliyopita nilimwomba mtumishi mmoja wa ofisi, asiye mwanasheria wala mwanaisimu, anisaidie kuijaribu sentensi yangu. Nilimsomea matoleo matatu: atahawilisha, anahawilisha, kwa hati hii amehawilisha. Nikamwuliza: leo jioni mali ni ya nani? Kwa la kwanza alisema bado ni ya mtafiti. Kwa la pili alisita, akasema huenda ndiyo wanaanza taratibu. Kwa la tatu alisema ni ya chuo, kisha akaongeza, “Lakini mbona hamjamwambia atapata nini?” Mtu mmoja si utafiti, wala sitaki mchukulie hivyo. Ningependa wanafunzi wa pragmatiki mliomo humu mlifanye jaribio hili ipasavyo, kwa watu wengi, wa bara na wa pwani, maana nashuku kwamba -na- haisikiki sawa Lamu na Mwanza.

Nilipokuwa nikiondoka, mtumishi yule aliniuliza kuhusu mwanafunzi wa uzamili ambaye hajaajiriwa na chuo, anayelipa ada yake mwenyewe, lakini anatumia maabara ya chuo na fedha za mradi wa nje. Je, naye tumpe sentensi ile ile aisaini? Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba swali hilo nitakuja nalo hapa.